Jembe Lililochakaa na Mhunzi Aliyebaki

Katika vilima vya Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, bado yamesimama matanuri marefu ya udongo yaliyokuwa yakiyeyusha chuma. Wafipa huyaita malungu. Mengi yalijengwa kwa kimo cha mita 3 hivi, na hewa iliuchochea moto wake yenyewe kupitia matundu na mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila mtu kuvuta mvukuto. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya Greig kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa, na wakati huo kazi yenyewe ilikuwa ukingoni. Tangu hapo historia ya chuma cha Afrika Mashariki imezoea kusimuliwa kama habari ya msiba: majembe ya Ulaya yalikuja, tanuri likapoa, uhunzi ukafa. Masimulizi hayo yana kweli mbili na kosa moja. Majembe yalikuja, na tanuri lilipoa, lakini uhunzi haukufa. Haukufa kwa sababu roho yake haikuwa tanurini. Ilikuwa kwenye fuawe, na kazi kubwa ya fuawe, tangu enzi za malungu yenyewe, ilikuwa kupokea jembe lililochakaa na kulirudisha shambani.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa chini ya jina moja. Kuyeyusha ni kukitoa chuma kwenye mawe au mchanga. Kufua ni kukipa umbo chuma ambacho kimekwisha kupatikana. Kuyeyusha kulikuwa kazi ya msimu, hasa kiangazi, baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi ya kuchimba madini, kukata miti na kuchoma makaa kwa wingi. Kulizungukwa na miiko: wayeyushaji walijitenga na wake zao, dawa zilifukiwa chini ya tanuri, na tanuri lenyewe katika jamii nyingi lilitazamwa kama mwanamke atakayejifungua. Kufua hakukuhitaji yote hayo. Mhunzi alikuwa na kibanda, jiwe au pande la chuma la kufulia, nyundo, koleo na mvukuto wa ngozi, na moto wake ulikuwa mdogo kiasi cha kuwashwa siku yoyote mtu alipokuja na shoka lililovunjika. Huko Ufipa chuma kilichotoka kwenye malungu hakikuwa tayari hata kidogo. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo la pili, la mivukuto, kikasafishwa, ndipo kikafika kwa mfuaji. Basi palikuwa na mnyororo wa kazi, na kiungo cha mwisho cha mnyororo huo ndicho kilichokuwa kikikutana na mkulima mwaka mzima.

Tofauti hiyo inaeleza kwa nini kazi moja ilisahaulika upesi na nyingine ikadumu. Mwaka 1976 mtaalamu wa akiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, wajenge upya tanuri la kuyeyushia. Walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa takriban nusu karne, na ilibidi wakumbushane hatua kwa hatua. Matokeo yake, yaliyochapishwa na Schmidt na Donald Avery mwaka 1978 katika jarida la Science, yaliushangaza ulimwengu: mabaki ya matanuri ya eneo hilo yalikuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000, na chuma kilichotoka humo kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Dai lao kwamba hewa ilipashwa moto kabla ya kuingia tanurini limebishiwa na wataalamu wengine, lakini umri na ustadi wa kazi hiyo haubishiwi. Ni haki kabisa kuujivunia ujuzi huo. Ila fahari hiyo imelielekeza jicho letu tanurini tu, mahali ambapo moto umezimika, na kulifanya lipite bila kusimama kwenye kibanda ambamo moto bado unawaka.

Tuanze na jembe lenyewe na thamani yake. Kabla ya karne ya 20 jembe la chuma lilikuwa mali. Warongo wa Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, walifua majembe yaliyobebwa hadi Usukuma na Unyamwezi na kuuzwa katika soko la Tabora. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Tanzania jembe lilitolewa mahari na kupokelewa katika biashara kama fedha. Wapare waliokota mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito, wakauyeyusha, na chuma chao kilitafutwa na Wachaga waliokuwa na wahunzi lakini hawakuwa na madini ya kutosha; huko Ugweno ukoo wa Washana, ukoo wa wahunzi, unakumbukwa kuwa ndio uliotawala kabla ya Wasuya kuupindua. Katika nchi ambako kitu kina heshima ya kiasi hicho, hakuna atakayekitupa kichakani kwa sababu ncha yake imelika. Udongo wenye mchanga hulila jembe kama jiwe la kunolea: kila msimu upana na urefu wake hupungua, makali hurudi nyuma, pembe mbili za chini huviringana. Jembe la kulimia linapobaki nusu huwa la palizi. La palizi likiisha, mhunzi hulipasha moto akalifanya kisu, tezo, patasi, ncha ya mshale au wembe wa kunyolea. Chuma kile kile kiliweza kuishi maisha matatu au manne, kila maisha madogo kuliko yaliyotangulia. Kiswahili chenyewe kimeutunza ukoo huo wa vyombo: kijembe, ambacho kwa jina ni jembe dogo, ni kiwembe kikali cha kuchanjia, na kutoka hapo tukapata vijembe tunavyopigana kwa maneno.

Ushahidi wa udongoni unaelekea upande huo huo. Wachimbaji wa akiolojia katika maeneo ya chuma ya Ufipa, Buhaya na kwingineko hukuta mavi ya chuma kwa malundo, na mirija ya udongo iliyovunjika kwa maelfu ya vipande. Majembe mazima hukutwa kwa nadra sana. Chuma kilizalishwa kwa wingi, na vyombo vilivyotokana nacho havipo. Vilikwenda wapi? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kutu, na ni jibu la kweli kwa sehemu. Udongo wetu mwingi una asidi, mvua ni nyingi, na chuma kisichopakwa mafuta huliwa upesi. Lakini kutu haitoshi peke yake. Kutu huacha alama: ganda la rangi ya damu ya mzee, umbo lililovimba, madoa kwenye udongo. Tena vitu vidogo vya chuma, kama shanga, pete na ncha za mishale, ambavyo vingepaswa kuliwa kwanza, huonekana mara nyingi kiasi, hasa makaburini, mahali ambapo vilizikwa kwa makusudi na havikurudi tena mkononi mwa mhunzi. Jembe, lililo kubwa na zito, ndilo linaloadimika. Maelezo yanayoafiki hali hiyo ni kwamba jembe lilirudishwa motoni. Aliyeliangusha vibaya alikwenda kulitafuta, na aliyerithi kipande alikipeleka kufuliwa.

Hata msamiati unatoa ushahidi, ingawa ushahidi wa lugha ni wa kushikwa kwa uangalifu. Kitenzi cha kazi ya mhunzi ni kufua, na fuawe imetokana nacho. Ndicho kitenzi cha nguo: nguo hufuliwa ikiwa imekwisha kuvaliwa, ili ivaliwe tena. Kisha liko neno chakavu, ambalo limetokana na kuchakaa. Nyumba huchakaa, mkeka huchakaa, jembe huchakaa; kila kimoja kimetumika hadi kikapungua, na bado ni nyumba, mkeka, jembe. Takataka ni jambo jingine. Mnunuzi anayepita mitaani na mzani wake akitafuta vyuma chakavu hatafuti takataka, na neno lake linalijua hilo.

Kati ya miaka ya 1890 na Vita vya Kwanza vya Dunia chuma kiliingia Afrika Mashariki kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Ile ya kutoka Mombasa ilianza mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Na reli ya kati iliyotoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli zilikuja nyaya za simu, misumari mikubwa ya mataruma, mapipa, pete za chuma za kufungia marobota, na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliyouzwa kwa bei ambayo mwenye tanuri hakuiweza. Mwenye tanuri alishindwa, maana bidhaa yake ilikuwa chuma, na chuma sasa kilikuwa kimelala kando ya njia. Mfuaji hakushindwa. Bidhaa yake ilikuwa umbo na makali, na mgeni huyu mpya alimletea malighafi bila gharama ya msitu wala mwiko. Wanandi, katika vita vyao vya kuwapinga Waingereza vilivyofikia ukingoni baada ya kuuawa kwa kiongozi wao Koitalel arap Samoei mwaka 1905, waling'oa nyaya za simu wakafanya mapambo na kuchukua bolti za reli wakafanya silaha. Wakoloni waliuita wizi. Kwa mhunzi ilikuwa pia ugunduzi: chuma cha Mzungu kinafulika kwa nyundo ya babu.

Baadaye yalikuja magari, na hapo mhunzi akapata kitu bora kuliko vyote. Springi za lori, yale mabapa marefu yaliyopinda na kupangwa tabaka kwa tabaka, hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6. Chuma laini cha kawaida, kile cha mabomba na vyuma vya dirisha, kina kaboni isiyofika asilimia 0.25. Tofauti hiyo ndogo ni tofauti ya jembe na jembe. Chuma laini kikipashwa hadi kuwa chekundu na kuzamishwa majini hakigeuki sana. Hubaki laini, na makali yake hukunjwa na jiwe la kwanza. Cha springi kikizamishwa hukakamaa, kiasi kwamba kikiachwa hivyo hupasuka kama chungu. Ndiyo maana mhunzi hukirudisha motoni kidogo, akitazama rangi inavyotembea juu ya bapa kutoka manjano kwenda kahawia na zambarau, akakiondoa pale anapojua kuwa ukakamavu umepungua lakini makali yatakaa. Hakuna kipimajoto katika kibanda kile. Liko jicho lililofundishwa na baba au mjomba, na giza la kibanda ambalo wageni hulidhania kuwa ni uchafu, kumbe ni lazima liwepo ili rangi ionekane. Hapo ndipo ulipo urithi wa Warongo, Wahaya, Wafipa na Wapare, na mwenye kutaka kuuona uhunzi wa kale ukiwa hai anaweza kuuona leo, juu ya kipande cha lori lililokufa.

Serikali huru ya Tanzania ililipa jembe heshima kuu. Katika nembo ya taifa jembe na shoka vimepishana. Katika bendera ya CCM, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, jembe limepishana na nyundo. Viwandani pia lilipewa nafasi. Kiwanda cha Ubungo Farm Implements, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake UFI, kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na mwaka 1973 lilianzishwa shirika la SIDO kuhudumia viwanda vidogo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo mtafiti Jens Müller, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya wahunzi wa vijijini Tanzania, aliuliza swali zito, na aliliweka kwenye jina la kitabu: je, teknolojia hii ya wenyeji inaimarishwa au inafilisiwa? Aliuliza kwa sababu mipango ya taifa ilikihesabu kiwanda na haikumhesabu mhunzi. Uhaba wa fedha za kigeni ulipoikaba nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta, bidhaa nyingi ziliadimika madukani, majembe yakiwemo. Kiwanda kinachongoja bati la chuma kutoka ng'ambo husimama bandari ikisimama. Kibanda cha mhunzi hungoja tu gari lichakae, na magari ya miaka ile yalichakaa kweli kweli.

Kenya ilifika kwenye jambo hilo hilo kwa njia ya mjini. Karakana za mafundi wa Kihindi ndizo zilizokuwa shule ya vijana wengi wa Kiafrika walioingia Nairobi kabla ya uhuru. Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika, aliufuatilia ujuzi huo ukitoka karakana hizo kwenda kwenye uwanja wazi. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisaidia kuueneza duniani msemo wa sekta isiyo rasmi. Mafundi wenyewe walikuwa na jina lao, jua kali, na mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda, jina hilo likaingia katika lugha ya serikali. Gerezani jijini Dar es Salaam na Katwe mjini Kampala nyundo zinasema lugha hiyo hiyo.

Yuko atakayesema kwamba yote haya ni umaskini uliovikwa joho. Watu hutengeneza jembe bovu kwa sababu hawana fedha ya jipya. Siku wakiwa nazo, watatupa kama wanavyotupa wengine. Pingamizi hili lina nguvu, na lisijibiwe kwa kuusifu umaskini, kwa maana hakuna sifa katika kulima kwa jembe lililobaki ukubwa wa kiganja. Lakini historia hairuhusu kauli hiyo ipite hivyo hivyo. Chuma kilirudishwa motoni kwa bidii katika enzi ambazo jembe lilikuwa mahari, yaani wenye nacho ndio waliokuwa wakilirudisha. Katika ufalme wa Karagwe chuma kilikuwa hazina ya ikulu. Msafiri Stanley alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya vitu vya kifalme, vya chuma vikiwemo. Hakuna anayeweza kuita utamaduni huo ukosefu. Isitoshe, anayepeleka jembe kwa mhunzi leo mara nyingi ametoka dukani akiwa amelikataa jipya, kwa sababu jembe jembamba la bei nafuu, lililokatwa kwenye bati laini, hukunjamana msimu wa kwanza. Msemo unasema mchagua jembe si mkulima. Mkulima anayejua vyuma ana haki ya kuupinga: huchagua, na huchagua kwa kugonga na kusikiliza mlio.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la wizi. Soko la vyuma chakavu limekula vifuniko vya mitaro, alama za barabarani, mataruma ya reli na vyuma vya nguzo za umeme. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu nchini Kenya baada ya hujuma dhidi ya miundombinu ya umeme. Zuio hilo liliondolewa Mei mwaka huo. Hasara ya nguzo iliyoanguka ni ya watu wote, na anayeutetea wizi huo hawatendei haki wagonjwa walio hospitalini gizani. Ila ni lazima kutazama chuma kile kilikuwa kikielekea wapi. Shaba na chuma cha tani kwa tani huenda kwa wanunuzi wakubwa, viwanda vya kuyeyushia nondo na masoko ya ng'ambo. Mhunzi hahitaji tani. Anahitaji springi moja, majembe matatu yaliyovunjika, bapa la msumeno. Zuio la jumla lilimkamata yeye sawasawa na mwenye maghala, kwa sababu macho ya sheria, kama macho ya wanahistoria, yanakiona chuma yanapokikuta kwenye lundo na hayakioni kikiwa mkononi.

Lipo badiliko moja ambalo naliogopa kuliko bei na kuliko sheria, nalo ni la umbo. Jembe la kale lilikuwa na mkia mwembamba uliopenya kichwa kinene cha mpini wa mkole au mti mwingine mgumu. Mkia ukivunjika, mhunzi aliuvuta mwingine kutoka kwenye bapa lenyewe kwa nyundo na moto. Bapa likiisha, mkia ulikuwa tayari nusu ya patasi. Jembe la pete, ambalo mpini wake hupita kwenye tundu, hushika imara zaidi na halipasui mpini upesi, na kwa udongo mzito ni bora. Lakini pete ikipasuka, moto wa makaa na nyundo huiunganisha kwa shida sana; inataka kuchomelewa, na kuchomelea kunataka umeme au gesi. Ndiyo maana katika miaka ya hivi karibuni tengenezo la jembe limekuwa likihama kibandani kwenda kwa fundi wa mageti na madirisha, kando ya barabara, palipo na waya wa umeme. Fundi huyo huunga vizuri. Ila joto la mashine yake hukilegeza chuma kilichokuwa kimekakamazwa, na yeye, aliyefundishwa kuunga, hakufundishwa kurudisha makali. Jembe hutoka kwake likiwa na pete imara na mdomo laini. Vijijini ambako wote wawili bado wapo, wakulima wamelipata jibu lao: jembe hupita kwanza kwa fundi wa umeme, kisha hubebwa hadi kwa mzee mwenye mvukuto, akalipasha tena kwenye giza lake na kungoja rangi ifike zambarau.